Feni inayokoroma: mafuta ya cherehani, feni mpya au fundi wa mjini?

Tuanze na uamuzi, asiye na muda aishie hapa. Kutia mafuta feni ya kompyuta kunafaa kwa aina moja tu ya feni, ile ya bushi, na hata hiyo ni kwa kusubiria feni nyingine ifike. Feni ya gololi, ile ambayo shafti yake inazungukia vijitufe vya chuma, haiponi kwa mafuta. Feni iliyo ndani ya pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, si ya kuchezewa nyumbani. Na laptopu inayopelekwa kwa fundi kwa kuwa "feni imekufa", mara nyingi feni yake ni nzima, imezibwa vumbi tu. Sasa maelezo, maana kila moja ya hizo njia ina pesa zake na hasara zake, na hali ya hewa ya Mombasa inazidisha hasara.

Feni zinazokuja ndani ya makasha ya bei nafuu, pamoja na nyingi za zile zenye taa za rangi zinazouzwa bila jina la maana, ni za bushi. Shafti ya chuma imeingia ndani ya kijibomba cha madini ya shaba kilichonyweshwa mafuta kiwandani, na mafuta hayo ndiyo uhai wake wote. Joto huyafanya mepesi, yakavuja na kukauka polepole. Vumbi likiyafikia yanakuwa tope jeusi, na tope hilo linasaga shafti na bushi pamoja. Viwanda huziandikia feni za aina hii umri wa saa 30,000 hivi, yaani kama miaka mitatu na nusu ya kuzunguka bila kusimama, lakini hiyo ni hesabu ya maabara. Mwezi wa Machi, chumba cha Majengo au Tudor kisicho na kiyoyozi kinafika nyuzi 32 mchana, na hewa ya ndani ya kasha iko juu ya hapo kwa nyuzi kadhaa.

Halafu kuna chumvi. Kwa anayekaa Nyali, Shanzu au Likoni na madirisha wazi, upepo wa kusi huingia na unyevu wenye chumvi ambao hula pini za plagi ya feni. Pini zikifanya ukijani au weupe, feni hupata umeme kwa kukatikakatika, inazunguka na kusita, na mtu anadhani mota imekwisha. Kabla ya kununua chochote, zima kompyuta, chomoa plagi ya feni, irudishe na uichomoe tena mara tatu nne. Msuguano huo peke yake unasugua kutu nyepesi. Ikibaki chafu, pamba ya masikio yenye spiriti ya aisopropili itamaliza. Soma chupa kwanza, kwa sababu spiriti ya kusafishia vidonda inayouzwa madukani mwa dawa nyingine imechanganywa na mafuta ya mbarika, na hayo huacha utando.

Kujua ugonjwa ni nusu ya kazi, na sikio linatosha. Feni inayokoroma asubuhi kompyuta ikiwa baridi, kisha ikanyamaza baada ya dakika chache, ni bushi iliyokauka: mafuta yaliyobaki yanalainika kwa joto na kuanza kufanya kazi. Hiyo ndiyo inayofaa kutiwa mafuta. Mlio wa tik-tik-tik ulio sawasawa ni waya unaogusa mapanga, au stika iliyobanduka; dawa yake ni kuufunga waya pembeni. Mlio mwembamba wa kukwaruza usiopungua hata feni ikipata joto ni gololi zilizolika. Mtetemo wa kasha zima ni panga lililovunjika ncha au vumbi lililoganda upande mmoja.

Kisha jaribu kwa mkono, umeme ukiwa umechomolewa ukutani. Zungusha mapanga kwa kidole. Feni nzima hupunguza mwendo kwa utulivu na kusimama taratibu. Feni kavu husimama ghafla. Shika kitovu, ukivute juu na chini: kucheza kidogo ni kawaida, kwa sababu sumaku ndiyo inayokishikilia. Kisukume kando kwa kando. Kikiyumba kushoto na kulia, bushi imepanuka na hakuna mafuta duniani yatakayoirudisha. Dalili moja hupoteza wengi: feni inayozunguka laini kabisa kwa mkono, lakini ukiwasha haianzi mpaka uisukume. Hiyo ni hitilafu ya umeme, koili moja au kijisaketi cha ndani kimekufa. Fundi anayekuambia hapo kwamba "inahitaji mafuta tu" anakuuzia matone.

Kwa kuthibitisha, ile betri ya mraba ya volti 9 ni kifaa kizuri kuliko maneno. Gusisha waya mwekundu kwenye chanya na mweusi kwenye hasi, na feni ya volti 12 iliyo nzima itaanza yenyewe, taratibu kidogo. Wengine huunganisha waya mwekundu na wa njano; usifanye hivyo, kwenye feni yenye waya mwekundu wa njano kwa kawaida ni wa kuhesabu mizunguko. Kuna viwanda vinavyotumia waya weusi watupu, na hapo fuata mpangilio wa plagi: pini ya kwanza hasi, ya pili volti 12, ya tatu hesabu ya mizunguko, ya nne kama ipo ni ya kupanga mwendo.

Mafuta yenyewe

Mafuta ya cherehani, chupa ndogo ya plastiki inayopatikana kwa wauza vifaa vya ushonaji Barabara ya Biashara, yanafaa na bei yake ni ndogo. Ni mepesi, hayagandi na hayali plastiki. Tunayapa alama nzuri kwa kazi hii. WD-40 tunaikataa: sehemu yake kubwa ni kiyeyushi, inaosha mafuta yaliyobaki, feni inanyamaza kwa siku chache, halafu inalia zaidi ya mwanzo. Grisi ni nzito mno, mota ndogo kama hii haina nguvu ya kuisukuma wakati wa kuanza. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi. Na kwa kuwa tuko Pwani lazima tulitaje la nazi: mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi na huchacha yakikaa. Yabaki kwenye nywele.

Kazi inakwenda hivi. Toa feni kwenye kasha, skrubu nne. Safisha mapanga kwa brashi kavu, ukiyashika yasizunguke. Kuyapuliza kwa blowa yakivuma kwa kasi kuliko yalivyoundwa huumiza beringi, na mota inayozungushwa hivyo hutoa umeme wa kurudi nyuma kama bado imeunganishwa na bodi kuu ya kompyuta. Upande wenye stika, inua ukingo wake kwa wembe polepole ili usichane. Chini yake utaona kifuniko cha mpira, au tundu lililo wazi lenye ncha ya shafti. Kama ni plastiki tupu isiyo na tundu, feni hiyo imefungwa kiwandani. Wanaoitoboa kwa msumari wa moto huingiza chembe za plastiki kwenye bushi, na huo ndio mwisho wake.

Ukiwa na subira, toa mapanga kabisa. Juu ya shafti kuna kipete cheupe cha plastiki kilichokatwa upande mmoja. Kiinue kwa kibano huku kidole kingine kikiwa juu yake, kwa sababu kinaruka na hakionekani tena, na bila hicho mapanga hayakai. Chini yake mara nyingi kuna kiringi kidogo cha mpira, kumbuka kilivyokaa. Vuta mapanga, futa tope jeusi kwenye shafti kwa pamba yenye spiriti, na pitisha pamba nyembamba ndani ya bushi mpaka itoke safi. Itazame shafti kwenye mwanga. Ikiwa ina mikwaruzo inayokwama kwenye ukucha, acha, nunua feni. Ikiwa laini, tia tone moja ndani ya bushi na jingine kwenye shafti, rudisha, zungusha kwa mkono mara ishirini hivi, futa yaliyozidi.

Matone mawili, basi. Yakizidi hurushwa nje na mzunguko, yanapaka mapanga, vumbi linashika hapo, na stika haigandi tena. Wengi wanaosema mafuta hayakusaidia walikosea mwisho huu: eneo la stika halikukaushwa kwa spiriti, stika ikabanduka usiku, vumbi likaingia moja kwa moja kwenye bushi. Stika ikichoka, weka kipande cha tepu ya umeme.

Kazi hii ikifanywa kwa kusafisha inaweza kudumu miezi. Ikifanywa kwa kudondosha tone juu ya tope, ambavyo ndivyo inavyofanywa vibandani, hesabu kwa wiki. Bushi iliyokwisha kulika haioti tena.

Feni mpya: soma namba, usisome rangi

Pima fremu kutoka ukingo hadi ukingo, wala si mapanga. Sentimita 8, 9.2, 12 na 14 ndizo za kawaida, unene milimita 25. Kama fremu imevunjika, pima kati ya tundu na tundu la skrubu: 71.5 ni feni ya milimita 80, 82.5 ni ya 92, 105 ni ya 120, na 124.5 ni ya 140.

Kwenye stika tafuta volti 12 na ampea. Plagi nyingi za feni kwenye bodi kuu hubeba ampea 1, kwa hiyo feni nene za milimita 38 zilizotolewa kwenye seva, ambazo wauzaji wa mitumba huzisifu kwa upepo mkali, usizichomeke hapo kabla ya kusoma. Nyingi hupita kiasi hicho, na kelele yake haikaliki chumbani. Namba ya modeli nayo inasema mengi kuliko muuzaji. Kwa feni za ADDA, AD0812HS ni milimita 80, volti 12, mwendo wa juu, na S ni bushi. Herufi ya mwisho ikiwa B ni gololi. Kwa Delta, zinazoanza na AFB ni za gololi na ASB ni bushi. Kwa feni inayolala chali, kama ile ya juu ya kasha, chagua ya gololi au ya beringi ya mafuta yaliyofungwa. Bushi hupenda shafti iwe imelala. Ikisimama wima, mafuta hushuka upande mmoja na feni huisha mapema.

Kati ya zinazopatikana kwa kuagiza, Arctic P12 PWM ndiyo tunayoipendekeza kwa kompyuta ya kawaida ya mezani. Inakwenda kutoka mizunguko 200 hadi 1,800 kwa dakika, beringi yake ni ya mafuta yaliyofungwa, na ukichanga na wenzako mkachukua pakiti ya tano, kila moja inashuka bei. Kasoro yake inajulikana: karibu na mizunguko 1,000 baadhi hutoa mvumo wa chini unaoudhi. Ingia kwenye mipangilio ya bodi (BIOS), upange mwendo uruke eneo hilo, uende moja kwa moja kutoka 800 hadi 1,200.

Noctua NF-A12x25 ni kazi safi ya Austria: mizunguko 2,000, kelele ya desibeli 22.6 kwa kipimo cha kiwanda, saa zaidi ya 150,000 na dhamana ya miaka sita. Lakini bei yake ni mara kadhaa ya P12, na kwa kompyuta ya kuandikia na kutazama mpira hatuoni sababu. Anayetaka jina hilo kwa bei ya chini atazame NF-P12 redux ya mizunguko 1,700, ile ya kijivu isiyo na vikorombwezo kwenye boksi. Feni zenye taa zinazouzwa tatu kwa bei ya moja tunazipa alama ya chini kabisa: bushi, plagi zisizo za kawaida, na moja ikifa huwezi kununua moja.

Ukifunga, upepo hutokea upande wenye stika na miguu ya fremu. Feni ya nyuma ikielekezwa ndani inagombana na ya prosesa, joto linapanda, na mtu analaumu feni. Feni ya pini tatu inaingia kwenye plagi ya pini nne bila shida, ila itapiga mbio kwa kasi yote mpaka ubadilishe mpangilio wa bodi uwe wa volti badala ya PWM, yaani ule wa kupanga mwendo kwa pini ya nne. Feni ya prosesa ikae penye maandishi CPU_FAN, la sivyo kompyuta itakusimamisha kila ukiiwasha ikidai hitilafu ya feni. Tahadhari kwa wenye Dell OptiPlex na HP za ofisini zilizojaa mjini: baadhi ya plagi zake zina mpangilio wao wenyewe, pini tano au nne zilizopangwa tofauti. Nenda dukani na feni ya zamani mkononi.

Ukilazimika kung'oa chombo chote cha kupoza prosesa, pesti ya joto ya zamani, ile krimu iliyo kati ya chombo hicho na prosesa, haitumiki tena. Futa, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi ndogo katikati. Kwa prosesa za AMD Ryzen za soketi ya AM4, washa kompyuta ipate moto kwanza, zima, halafu zungusha chombo kushoto na kulia kabla ya kuvuta. Ukivuta kikavu prosesa inatoka nayo na pini zinapinda.

Laptopu ni habari nyingine

Hapa feni ni ya volti 5, nyembamba, inapuliza kwenye vijipezi vya shaba, na kati ya feni na vijipezi hivyo ndipo vumbi hujikusanya likawa kama blanketi. Ukiipuliza kutoka nje unalisukuma lirudi ndani. Lazima feni ifunguliwe, blanketi litolewe kwa kibano. Anayeishi kando ya barabara ya malori Changamwe au Miritini afanye hivi kila miezi sita.

HP ikikuonyesha ujumbe wenye namba 90B, au ThinkPad ikiandika "Fan error" na kuzima, safisha kwanza na ukaze plagi kabla ya kuagiza. Zima betri ya ndani kabla ya kugusa. Kwenye ThinkPad kuna chaguo la kufanya hivyo ndani ya mipangilio ya BIOS, chini ya Power. Mafuta hatuyapendekezi, kwa sababu nafasi ni finyu na tone linalozidi huishia kwenye bodi. Badilisha feni, ukifuata namba iliyo juu ya feni yenyewe. Jina la laptopu halitoshi: ThinkPad T480 yenye kadi ya picha ya MX150 hutumia chombo cha kupoza tofauti na T480 isiyo nayo, na ukileta ya mwenzake haikai.

Pawa saplai

Kapasita kubwa ya ndani hubeba volti zaidi ya 300 kwa umeme wetu wa 240, na inaweza kubaki nazo baada ya kuchomoa. Feni yake ikikoroma, mpe fundi mwenye mita, au nunua pawa saplai nyingine. Mara nyingi waya wa feni hiyo umelehemiwa moja kwa moja, kwa hiyo hata feni sahihi haiingii bila chuma cha kulehemu.

Mafundi wa mjini

Kutoka Digo Road hadi Mwembe Tayari mafundi wapo wengi na mikono yao ni mizuri. Tatizo ni huduma inayouzwa, sio mikono. "Sabisi" ya bei moja kwa kila mashine, ambayo ni kupuliza na kudondosha mafuta, tunaipa alama mbili kwa tano. Kubadilisha feni kwa oda kutoka Nairobi, ambayo mara nyingi hutoka Luthuli Avenue na kufika kwa basi, tunaipa nne, kwa masharti: utumiwe picha ya stika ya feni inayokuja kabla ya kulipa, ya zamani urudishiwe mkononi, na bei ya kazi itajwe mbali na bei ya feni. Ukiambiwa bei ya jumla tu, huwezi kujua kama umelipia feni mpya au ya kutolewa kwenye mashine nyingine ikapanguswa. Ya kutolewa hutambulika kwa alama za skrubu kwenye matundu, waya uliolainika na kingo za mapanga zenye weusi usiotoka.

Muulize pia ametia pesti gani kwenye prosesa ya laptopu. Kufungua chombo cha kupoza na kurudisha pesti ileile iliyokauka ndiyo kosa linalofanya laptopu irudi ikiwa moto kuliko ilivyokwenda, na lawama zinaangukia feni mpya.

Kabla ya kutuma M-Pesa, omba kifuniko kifungwe kabisa, skrubu zote, kwa kuwa feni inayozunguka vizuri mashine ikiwa wazi inaweza kukwaruzana na kifuniko kikikazwa. Weka HWiNFO, programu ya kusoma joto na mizunguko, au lm-sensors kwa wanaotumia Linux, kisha mashine icheze video ya ubora wa juu kwa dakika kumi na tano juu ya meza ngumu. Tazama namba mbili: mizunguko ya feni isisome sifuri wala kurukaruka, na joto la prosesa ya Intel likae mbali na nyuzi 100, mahali ambapo nyingi huanza kujipunguza kasi. Likigonga 95 ilhali feni inapiga mbio, feni ni nzima, pesti ndiyo ya kushukiwa kwanza. Mwambie aifungue tena ukiwa hapo hapo.